Nakala za usiku zinaikaba hifadhi

Ndugu yangu wa Kampala, umesema nakala rudufu za usiku zikianza tu, seva zinapoteza mawasiliano na hifadhi ya data iliyo kwenye swichi hiyohiyo ya mtandao. Usinunue swichi nyingine bado. Ipe trafiki ya hifadhi kipaumbele chake (wengi hutumia namba 3 kati ya 0 hadi 7), iweke katika kundi lake peke yake, kisha iwashie PFC (udhibiti wa mtiririko kwa kila kipaumbele), ili foleni ikikaribia kujaa mtumaji aambiwe asubiri badala ya pakiti kutupwa. Halafu gawa uwezo wa mtandao kwa asilimia: hifadhi 50, nakala 20, mengineyo 30, jumla iwe 100. Usiogope kuzipunja nakala. Asilimia hizo ni kiwango cha chini cha kila kundi wakati wa msongamano. Kundi moja likitulia, mengine hutumia nafasi yake. Tafadhali sana, kagua na kadi za mtandao za seva: mpangilio usipolingana na wa swichi, hifadhi itaendelea kukatika.