Serikali kumi na mbili ni nyingi mno: majibu kwa mwenye gemu la zamu

Mkuu, umesema gemu lako la zamu (lile la kila mchezaji kusubiri zamu yake) lina serikali kumi na mbili, yaani aina za utawala ambazo mchezaji anachagulia nchi yake, na bado kila anayelijaribu anaishia kwenye demokrasia. Hayo yalinikuta. Usiongeze ya kumi na tatu, punguza.

Mimi sikuandika gemu tangu mwanzo. Nilichukua Freeciv, gemu la kompyuta la kujenga dola, maana ni la bure na kanuni zake zimekaa kwenye mafaili ya maandishi ya kawaida: governments.ruleset inataja serikali zilizopo, effects.ruleset inasema kila moja inafanya nini. Unabadilisha, unahifadhi, unawasha seva. Nikajaza serikali kumi za asilimia tupu: hii biashara juu kumi na jeshi chini kumi, ile kinyume chake. Tulikuwa wanne, tunacheza Ijumaa usiku, na mmoja wetu ni mhasibu. Ijumaa ya pili alikuja na jedwali la Excel linaloonyesha serikali ipi inalipa zaidi. Ya tatu, wote wanne tulikuwa na serikali moja, tunatofautiana rangi ya bendera tu.

Nikarudi kwenye Civilization ya kwanza, gemu la aina hiyo hiyo la Sid Meier, la 1991. Mle udikteta haugusi asilimia. Kigae cha ardhi (kipande kimoja cha ramani) kinachotoa vitatu au zaidi vya kitu kimoja, kimoja kinakatwa. Sasa chukua mbuga inayotoa chakula viwili: ukiimwagilia inatoa vitatu, udikteta unavirudisha viwili. Jasho la bure! Mchezaji hahitaji jedwali kujua kwamba anabanwa, anaona kwenye shamba lake.

Demokrasia inafuta ufisadi kabisa, ila kila kikosi unachopeleka vitani kinakasirisha raia wawili wa mji unaokitunza (kwenye jamhuri ni mmoja), na seneti inaweza kukulazimisha kukubali amani wakati umebakiza mji mmoja tu kummaliza jirani. Una hela kuliko wote na bado unaogopa kuvuka mto.

Hapo ndipo nilipopata swali ninalouliza kila serikali: nani anaweza kunikatalia, na namnyamazisha kwa kitu gani? Kwa mfalme jibu ni askari waliokaa mjini, wanatuliza raia lakini hawapigani popote na wanakula. Serikali sita kati ya zangu kumi hazikuwa na jibu lolote, nikazifuta. Sikuwahi kuzikumbuka.

Kilichonisumbua zaidi ni bei ya kubadilisha. Nilipoweka machafuko ya zamu tano, yaani kipindi cha kukaa bila serikali kati ya ile ya zamani na mpya, hakuna aliyethubutu. Nilipoweka moja, jamaa walikuwa wanabadilisha serikali kama shati: jamhuri wakati wa kujenga, ukomunisti wakijiandaa kuvamia. Zamu mbili ndizo zilizotufaa, ila ramani yetu ilikuwa ndogo, yako ipime mwenyewe. Kadi za sera za Civilization VI ya 2016 hazinivutii kwa sababu hiyo hiyo, ukimaliza utafiti wa kijamii unazipanga upya bure. Civilization V ya 2010 ilikosea upande wa pili: sera za jamii ukishazichagua, ni ndoa ya Kikatoliki. Najua wapo humu watakaonirukia.

Halafu kumbuka kompyuta nayo inacheza. Serikali yangu niliyoipenda kuliko zote, ya magavana wanaoweza kujitenga na miji yao, ilikuwa tamu kwa binadamu. Kompyuta iliichagua, ikatawanya askari wote mpakani, ikapoteza nusu ya miji bila kuvamiwa na mtu. Tulicheka, lakini gemu lilikuwa limeisha saa tatu usiku.

Kwa hiyo anza na nne, zicheze na watu wale wale angalau mara tatu, na mmoja wao awe mpenda hesabu. Wetu bado anakuja na laptopu yake kila Ijumaa. Safari hii jedwali lake lina safu moja yenye alama za kuuliza chini hadi juu, na sijamwambia kitu.