Jina "Gift" Ujerumani: sumu kweli, ila kuna kisa nyuma yake

Mkuu, umeuliza kama ni kweli mwanao Gift atapata tabu mkihamia Ujerumani, eti jina lake kule ni sumu. Hilo la sumu ni kweli. Mimi nililijulia Hamburg, stoo ya chini ya jengo tulilokuwa tunafanya usafi. Ilikuwa Desemba. Nikaona kiboksi kimeandikwa Rattengift, nikajua ni zawadi ya Krismasi ya mtu anaitwa Ratten. Nanyoosha mkono, mwenzangu akanidaka: dawa ya panya! (Na sisi tusiwacheke sana. Panya tunampa sumu, tunaiita dawa.)

Sasa utamu wenyewe uko hapa. Neno ni lilelile la Waingereza, mzizi mmoja na geben, kupa. Zamani hata Wajerumani waliposema Gift walikuwa na maana ya kitu unachopewa, na masalia yapo: Mitgift ni mali ambayo bibi harusi hupewa na wazazi wake aende nayo kwa mumewe. Siyo mahari, inatoka upande wa binti. Maana ya sumu iliingilia kwenye dawa. Wagiriki kipimo cha dawa walikiita dosis, yaani utoaji, Kilatini kikalichukua, Wajerumani wakalifasiri kwa neno lao: kile unachompa mtu anywe. Baadaye ikawa akinywa hainuki tena, na maana ya zawadi ikafa. Dosis hiyohiyo ndiyo dozi unayoandikiwa na daktari.

Waholanzi wamegawana vizuri: gift mchango, gif sumu.

Kasheshe iko Sweden, Denmark na Norway. Kule gift ni sumu, na pia ni mtu aliyeoa au kuolewa. Dada yangu alipofika Malmö, Sweden, aliulizwa "Är du gift?" akadhani anatongozwa, kumbe anaulizwa kama ana mume. Maana hiyo inatokana na wazazi kumtoa binti. Hata kwenye Kiingereza cha kale neno hili lilihusu mali ya kuolea mke.

Kuhusu mtoto, usibadilishe jina. Jirani yangu alikuwa na Gift wake. Chekechea walimwita kwa jina la pili na watoto wenzake hawakuwa na habari. Aliyeshangaa ni karani, aliisoma pasi mara mbili. Baadhi ya fomu za kule zina sehemu ya Rufname, jina la kuitwa. Wako ana jina la pili?