Ukijiunga na kikundi cha utafiti wa kompyuta kuu, anza na mita

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja alinipigia simu akiwa na furaha tele. Amepata nafasi ya uzamili kwenye kikundi cha chuo kikuu kinachotafuta namna ya kupunguza umeme unaoliwa na kompyuta kuu, zile mashine zenye maelfu ya prosesa zinazopiga hesabu za hali ya hewa, dawa na injini za ndege. Aliniuliza, "Kaka, nisome nini kabla sijaondoka?" Nilimjibu kwa dakika kumi, ila nilipokata simu nikaona sijamtendea haki. Jibu kamili ni hili, na wengine mnaoelekea huko lichukueni.

Anza na mita. Aliyekulia kwenye nyumba ya LUKU anaujua umeme kuliko anavyodhani, maana alishaona pasi ikichomekwa jinsi yuniti zinavyokimbia. Yuniti moja ni kilowati moja kwa saa nzima, yaani jouli milioni 3.6. Sasa chukua Frontier, kompyuta kuu ya maabara ya Oak Ridge huko Marekani. Mwaka 2022 ilipokuwa ya kwanza kwenye Top500, orodha ya kompyuta zenye kasi kuliko zote duniani, kuvuka hesabu bilioni bilioni kwa sekunde, ilikuwa ikivuta kama megawati 21. Hizo ni yuniti 21,000 kila saa. Ukiliangalia hilo kwa jicho la mtu anayenunua tokeni, utaelewa kwa nini watu hukesha maabara wakitafuta kuokoa asilimia tano.

Mimi mita sikuanza nayo, na iliniponza.

Miezi yangu ya mwanzo niliimaliza kwenye programu moja ya kuzidisha matriksi, yaani majedwali ya namba. Prosesa za Intel zina kaunta ya nishati ndani yake, wenyewe tunaiita RAPL. Unaisoma kabla ya kazi, unaisoma baada ya kazi, unatoa. Nilipoiacha prosesa iende mwendo wake wa kawaida, kazi ilichukua dakika 20 na kula jouli 216,000. Nikashusha mapigo yake, yaani mwendo wake, hadi chini kabisa. Kazi ikachukua dakika 48, lakini kaunta ikasema jouli 54,657 tu. Nimeokoa robo tatu ya nishati! Vipimo vingine vilikuwa vinatoka hasi, nikavifuta nikidhani ni hitilafu ya mashine. Nikatengeneza slaidi, nikazipeleka kwenye kikao cha Jumatatu.

Msimamizi wangu alizitazama kimya, kisha akauliza, "Jouli 54,657 kwa dakika 48 ni wati ngapi?" Nikagawa palepale mbele za watu. Wati 19. Prosesa ile hata ikikaa bila kazi yoyote ilikuwa inavuta zaidi ya hapo.

Kumbe kaunta ya prosesa ile ikifika jouli 262,143 inarudi sifuri na kuanza upya, na katika dakika 48 ilikuwa imezunguka bila mimi kujua. Nishati ya kweli ilikuwa jouli 316,800. Yaani sikuokoa kitu, niliongeza matumizi karibu kwa nusu. Na vile vipimo hasi nilivyovifuta ndivyo vilivyokuwa vinanionyesha kosa. Tangu siku ile sifuti kipimo kabla sijajua kimetoka wapi, na matokeo ya kaunta nayalinganisha na mita iliyochomekwa ukutani, kwa sababu kaunta ya ndani haioni feni wala hasara ya kibadilishi cha umeme.

Jambo la pili limo humohumo. Wati zilishuka kweli, kutoka 180 hadi 110, ila muda ulizidi mara mbili na zaidi. Nishati ni wati mara muda, na wageni wengi wa fani hii huisahau sehemu ya muda. Kushusha mwendo huvutia kwa sababu ukipunguza mapigo unaweza kupunguza na volti, na umeme wa prosesa hufuata mraba wa volti. Faida inakuja pale tu programu isipokawia sana. Kuzidisha matriksi kunaibana prosesa yenyewe, kwa hiyo ukiipunguza mwendo unalipa kwa muda. Programu nyingi za kisayansi si hivyo. Muda mwingi prosesa inasubiri data itoke kwenye memori, na anayesubiri hana haja ya kukimbia.

Mfano ninaoupenda ni ARCHER2, kompyuta kuu ya taifa ya Uingereza iliyoko Edinburgh. Mwishoni mwa mwaka 2022, umeme ukiwa ghali Ulaya nzima, waendeshaji wake waliweka mwendo wa kawaida wa prosesa kuwa gigahezi 2.0, na mtumiaji ambaye programu yake inaumia akaachiwa nafasi ya kuupandisha mwenyewe. Pamoja na marekebisho waliyokuwa wamefanya mapema mwaka huohuo, umeme wa mashine ulishuka kama moja ya tano. Hakuna prosesa mpya iliyonunuliwa. Utafiti wa namna hii ndio ningependa mdogo wangu aufanye: kujua programu ipi inavumilia na ipi haivumilii.

Wazo lenyewe si la jana. Mwaka 2002 kwenye maabara ya Los Alamos, Marekani, Wu-chun Feng na wenzake walijenga Green Destiny, kompyuta ya prosesa 240 zilizokula umeme kidogo, wakaiweka kwenye ghala lenye joto na vumbi, ikafanya kazi. Mwaka 2007 yeye na Kirk Cameron, wakiwa chuo kikuu cha Virginia Tech, walianzisha orodha ya Green500, inayopanga mashine kwa hesabu zinazofanyika kwa kila wati.

Mambo madogo ya kwenda nayo. Zoeana na mafundi wa chumba cha seva. Wao ndio wanaojua maji ya kupoza yanaingia na nyuzi ngapi na yanatoka na ngapi, na joto hilo lina thamani. Kajaani, Finland, joto la kompyuta kuu ya LUMI linapasha nyumba za watu. Halafu omba ruhusa mapema. Tangu mwaka 2020, watafiti walipoonyesha kwamba siri za kompyuta zinaweza kuvuja kupitia RAPL, mfumo endeshi wa Linux haumruhusu mtumiaji wa kawaida kuisoma kaunta hiyo, na ruhusa chuoni huweza kuchukua wiki nzima.

Na siku ya kwanza, kabla hujafungua kompyuta yako, muulize msimamizi wako mita ya ukutani iko wapi. Mwombe akupeleke ukaione ikisoma mashine ikiwa imekaa bure, na uandike namba hiyo kwenye daftari pamoja na joto la chumba.