Mwanangu Rehema, kuhusu deni lako la chuo

Mwanangu Rehema,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Huku Muheza hatujambo. Goti la mama yako limetulia kidogo, na machungwa mwaka huu ni mengi mpaka bei imekufa. Ile hukumu uliyonitumia, ya Mahakama ya Juu ya Marekani iliyozuia mpango wa Rais Biden wa kufuta mikopo ya wanafunzi, kijana wa steshenari pale stendi alinichapia yote. Alipoona kurasa haziishi akaniuliza kama nina kesi ya shamba.

Umeniuliza kwa hasira, na una haki. "Baba, anayenidai ni serikali. Mkuu wa serikali ni rais. Rais akasema amesamehe, nikajaza fomu, nikaandikiwa kwamba nimekubaliwa. Nani tena huyo wa kusema hapana?" Ukaongeza kwamba hata kwetu, Mama Samia alisimama Mei Mosi 2021 kule Mwanza akaiondoa ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mikopo ya HESLB, Bodi yetu ya Mikopo ya wanafunzi, na hakuna aliyekwenda mahakamani.

Nianze na kisa cha kabla hujazaliwa. Nilikuwa mhasibu katika halmashauri moja, jina liache. Soko liliungua usiku, mabanda karibu yote. Bosi wangu alikwenda asubuhi, moshi ukiwa bado unafuka, akapanda juu ya kreti la soda akawatangazia wafanyabiashara kwamba ushuru wa miezi mitatu wamesamehewa. Vigelegele mpaka barabarani. Nami niliona amefanya utu, nikakiweka kitabu cha stakabadhi kwenye mtoto wa meza. Mkaguzi alipokuja hakuuliza habari za moto. Aliuliza muhtasari wa kikao cha madiwani uko wapi, maana ushuru ule ulikuwa umewekwa kwa sheria ndogo, na sheria ndogo haifutwi juu ya kreti. Muhtasari haukuwepo. Basi aliyetumwa kudai malimbikizo ni mimi. Kuna mama mmoja wa dagaa, wala hakubishana. Alifungua fundo kwenye pindo la kanga, akanihesabia sarafu moja moja kiganjani, macho yake hayatoki usoni mwangu. Bosi alishahamishiwa wilaya nyingine.

Sasa deni lako. Fedha ile ilitoka Hazina ya Marekani, na Katiba yao inasema hakuna kinachotoka Hazina ila kwa sheria. Mali ya taifa nayo, mwenye kauli ya kuitoa ni Kongresi, yaani Bunge lao. Deni unalodaiwa ni mali ya taifa, kama lilivyo trekta la halmashauri. Waziri wa Elimu ni mtunza stoo tu. Funguo anazo, trekta si lake. Akitaka kuligawa lazima aonyeshe karatasi.

Karatasi waliyoonyesha watu wa Biden ni sheria ya HEROES ya mwaka 2003, wakati wa vita vya Iraq, ambayo waliokuwa mbele ya macho ya walioitunga ni askari waliokopeshwa kisha wakapelekwa vitani. Inampa Waziri ruhusa ya kusamehe au kurekebisha masharti ya mikopo wakati wa vita au dharura ya taifa, ili mkopaji asiharibikiwe zaidi. Ndiyo iliyotumika, awamu ya Trump na ya Biden, kurefusha ule usitishaji wa malipo wakati wa korona. Kisha tarehe 24 Agosti 2022 Biden akatangaza makubwa: dola 10,000 zifutwe kwa mkopaji wa kipato cha kawaida, 20,000 kwa aliyewahi kupata ruzuku ya Pell, ile ya wanafunzi wa kipato cha chini, kama wewe. Watu milioni 43 walihusika, na gharama ilikisiwa kufika dola bilioni 430 hivi.

Majimbo 6 yakashtaki. Kwa nini jimbo, wakati anayedai ni serikali kuu? Missouri walikuwa na shirika lao, MOHELA, linalolipwa ada kwa kuhudumia mikopo hiyo, nalo lingepoteza kama dola milioni 44 kwa mwaka. Hasara hiyo ndiyo iliyowapa haki ya kushtaki, na mlango huo mwembamba ndio kesi nzima ilimopita. Tarehe 30 Juni 2023 Mahakama ya Juu ikaamua, majaji 6 kwa 3, kwamba mpango haukuwa na sheria nyuma yake. Jaji Mkuu Roberts alisema kurekebisha ni kugusa kidogo, na hapa mnaita marekebisho kama mtu anayesema Mapinduzi ya Ufaransa "yalirekebisha" hadhi ya makabaila. Jaji Barrett akaleta mfano wa yaya: umemwachia kadi ya benki, ukamwambia hakikisha watoto wanafurahi, naye akawapandisha gari mpaka mji mwingine kwenye bembea za umeme na kulala hotelini. Nilicheka peke yangu barazani. Yaya wenu sisi tulikuwa tukimwachia hela ya maandazi, na bado chenji ilihesabiwa.

Ila nisikufiche. Jaji Kagan, aliyeandika kwa niaba ya wale 3, naye ana hoja. Sheria imesema kusamehe, si kurekebisha peke yake, na dharura ndiyo hasa wakati ambao watunga sheria humwachia mtu mamlaka mapana. Neno hilo limenisumbua siku mbili. Mwisho nimeegemea kwa wale 6, kwa sababu ya uhasibu wangu tu: dola bilioni 430 ni fungu, na fungu kubwa hivyo hulichomoi kwa neno moja lililoandikwa kwa ajili ya askari. Nancy Pelosi, aliyekuwa Spika wakati huo na wa chama cha Biden mwenyewe, alishasema Julai 2021 kwamba rais anaweza kuahirisha na kuchelewesha, kusamehe hawezi. Roberts akayanukuu maneno hayo. Walionywa, mwanangu. Kinachoniudhi ni ile barua pepe ya Novemba 2022 uliyonitumia picha yake, "umekubaliwa", wakati kesi iko mahakamani. Watu milioni 16 hivi walishapitishwa.

Kongresi nayo haikukaa kimya. Mwezi huo huo wa Juni 2023, kwenye sheria ya ukomo wa deni la taifa, iliandika kwamba usitishaji wa malipo unakoma na Waziri hataurefusha tena bila idhini yake. Kwa hiyo hata ile njia ya kuahirisha ikafungwa.

Na Mama Samia? Tazama vizuri alichoondoa. Tozo. Deni lenyewe hakuligusa, wala makato ya asilimia 15, yaliyopandishwa kutoka 8 Bunge liliporekebisha sheria mwaka 2016. Muulize kaka yako, mshahara wake unakatwa mpaka leo.

Sasa wewe. SAVE uliyoitegemea, ule mpango wa kulipa kwa kadiri ya kipato, iliandikwa na Wizara, mahakama zikaizuia mwaka 2024, na sheria ya Julai 2025 ikaandika kwamba izikwe kabisa si zaidi ya 1 Julai 2028. Mpango wa IBR, nao wa kulipa kwa kadiri ya kipato, Kongresi iliuandika yenyewe mwaka 2007. Mwaka huo huo iliandika ule wa watumishi wa umma, PSLF: malipo 120 ukiwa kazini muda wote serikalini au kwenye taasisi isiyo ya faida, na salio linafutwa. Hospitali yako si ya faida, uliniambia mwenyewe. Hapo ndipo pa kushika. Angalia tu, miezi uliyokaa umesimamishiwa malipo ndani ya SAVE haikuhesabika, kwa hiyo usijipigie hesabu ya miaka ukadhani umefika.

Nitumie orodha ya malipo yako yote, mwezi kwa mwezi, na barua za mwajiri kwa kila mwaka. Miwani mpya ninayo, na kalamu nyekundu ya kazini bado inaandika. Nitayatiki moja moja, panapopungua nitakuzungushia duara.

Mama yako anasema ile dawa ya kupaka goti ya safari iliyopita ilikuwa nzuri, kama kuna mtu anakuja umpe mbili.

Ni mimi baba yako.