Shahada ya Anga si Leseni ya Ndege

Mzee, nikimaliza uhandisi wa anga nitarusha ndege za shirika gani? (Kisumu)

Hakuna. Anayerusha ni rubani, na urubani una shule yake. Swali hili nimeshalijibu hadi nimechoka.

Shikamoo. Nimesoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia) lakini naipenda ndege tangu utotoni. Hisabati itanisumbua? (Dodoma)

Marahaba. Itakusumbua sana. Machi 10, 2019 ndege ya Ethiopian iliyokuwa ikija Nairobi ilianguka na watu 157. Kihisi kimoja kilitoa taarifa ya uongo, programu ikaiamini na kuisukuma pua ya ndege chini tena na tena. Mifumo kama hiyo husanifiwa na wahandisi, kwa hisabati. Sitamani iwe kazi ya walioingia kwa mapenzi tu.

Mdogo wangu anaenda ufundi wa ndege, mimi nataka shahada. Nani atatangulia kuajiriwa? (Nakuru)

Pengine mdogo wako, na usinune. Ndege iliyofanyiwa matengenezo hairuki mpaka mwenye leseni atie saini. Leseni hiyo hutolewa na mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA kwenu, TCAA kwa jirani. Chuo kikuu hakina uwezo huo. Kuna mitihani yake, kuna miaka ya kushika spana ukiangaliwa na wakubwa, halafu kuna mafunzo ya kila aina ya ndege: aliyeidhinishwa kwa Dash 8 hasaini Boeing 787. Wewe shahada itakufundisha kwa nini bawa linabeba na jinsi chuma kinavyochoka hadi kupasuka. Ni elimu nzuri, ila viwanda vya kusanifu ndege kubwa hatuna, na vyuo havipendi kulisema hilo siku ya kupokea ada. Utakachokuta ni ofisi za uhandisi za mashirika ya ndege, mamlaka za udhibiti, droni na setilaiti. Ukienda Technical University of Kenya au Kenyatta, likizo zako ziishie kwenye hanga, ndege zinakotengenezwa. Na kabla ya kulipa chochote popote, uliza bodi ya wahandisi kama inaitambua shahada hiyo. Wengi huuliza wakiwa mwaka wa nne.

Nifanyeje niajiriwe NASA? (wengi mno)

Uwe raia wa Marekani. Hata kampuni binafsi za roketi kule zinabanwa na sheria ya silaha, maana roketi huhesabiwa humo, hivyo mgeni asiye na ukaazi wa kudumu huishia mlangoni. Mbona hamuulizi ya hapa? Kenya ilipeleka angani setilaiti yake, Taifa-1, mwaka 2023, na picha za setilaiti zinahitaji watu wa kuzichambua.

Roketi inaweza kurushwa kutoka Afrika Mashariki kweli? (Malindi)

Malindi ndiyo inaniuliza! Desemba 12, 1970 setilaiti iitwayo Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini, hapo hapo kwenu. Waulize wavuvi wazee.

Ninunue laptopu gani? (Mbeya)

Inayowaka. Chenji nunulia kikokotoo.