Rangi, kabila, mbari au asili: lipi liandikwe kwenye fomu ya utafiti?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Natafsiri fomu za ridhaa za watafiti wa afya hapa Tanga mjini. Fomu moja iliyotoka nje inamtaka mshiriki achague: mweusi, mweupe, Mwasia au mchanganyiko. Juu ya visanduku hivyo niandike rangi, kabila, mbari au asili? Wenzangu kila mmoja ana lake. (Msomaji, Ngamiani)

JIBU: Marahaba. Mbari iweke kando kwanza. Mbari ni ukoo. Wapo waandishi walioitanua ibebe makundi makubwa ya wanadamu, lakini mzee wa Makorora ukimwuliza mbari yake atakutajia jamaa za babu yake, na atakuwa amejibu sawasawa.

Kabila nalo halifai hapo. Mdigo, Mbondei na Msegeju wote wataweka alama kwenye kisanduku kimoja, mweusi. Tena kabila halimwelezi mtu kiafya kama tunavyodhani. Msambaa wa Lushoto na Msambaa wa Korogwe ni kabila moja, ila malaria ya bondeni si ya mlimani. Mtafiti wa malaria amwulize mtu amekulia wapi.

Kwenye rangi ndipo penye mgogoro. Neno hili tumelizoea katika ubaguzi wa rangi, na hapo limekaa mahali pake, kwa kuwa mbaguzi hutazama ngozi. Wapo watafiti wa Marekani wanaotaka rangi iendelee kuandikwa kwa sababu hiyo hiyo: isipoandikwa, itajulikanaje nani anacheleweshewa matibabu? Hoja hiyo naikubali. Utafiti ukiuliza jinsi watu wanavyotendewa, andika rangi bila wasiwasi.

Ubaya unaanza rangi inapofanywa kipimo cha yaliyomo mwilini. Chukua figo. Kanuni moja ya mwaka 2009 ya kukadiria kazi ya figo kutokana na kreatinini, taka ya misuli inayopimwa kwenye damu, ilizidisha jibu la mgonjwa mweusi kwa 1.159. Damu ile ile, kipimo kile kile, lakini kwa karatasi figo zake zinaonekana nzima kuliko za mwenzake mweupe, na mtu wa namna hiyo anaweza kuchelewa kuingizwa kwenye orodha ya kupandikizwa figo. Mwaka 2021 kanuni mpya ikatolewa Marekani bila kigezo cha rangi. Haya si mambo madogo ya msamiati, mwanangu, watu waliumia.

Au chukua selimundu (sikoseli), ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu, unaoitwa ugonjwa wa watu weusi. Mwaka 1954 Anthony Allison alionyesha kwamba kurithi chembe ya urithi ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu humkinga mtu na malaria kali. Ndiyo maana ugonjwa huu upo pia Ugiriki, India na mashariki ya Uarabuni, kote ambako malaria ilitamba. Ngozi haihusiki.

Kwa hiyo kwenye utafiti wa kurithi, neno ni asili. Ndilo tunalolitumia barazani: "Asili yenu wapi?" Sema mtu mwenye asili ya Afrika, ya India, ya Yemen, ukitaja mahali. Mimi sipendi "asili nyeusi", maana nyeusi si mahali. Lakini usibadilishe kichwa tu na kuviacha visanduku vile vile. Kijana wa Tanga ambaye bibi yake ni Mdigo na babu yake alitoka Hadhramaut aweke alama wapi? Kisanduku cha mchanganyiko hakimwambii mtafiti chochote, na wewe usije ukakiandika chotara, kwani neno hilo wengi hulisikia kama tusi.

Mwandikie mtafiti umwulize anatafuta nini. Akisema urithi, pendekeza swali hili mahali pa visanduku: "Babu na bibi zako, wa upande wa baba na wa mama, walizaliwa wapi?" Acha mistari minne mitupu chini yake.