Kisanduku cha dashibodi kikigoma, weka bisibisi chini

Gari lenyewe ni Mercedes W123, rangi ya maziwa, ambalo baba mdogo aliliendesha mpaka macho yakamkatalia. Nilipolichukua kwake Kahawa West, injini iliwaka bila maneno. Milango ilifunguka. Kile kisanduku cha dashibodi, upande wa abiria, kilikataa katakata. Ufunguo uliingia mpaka mwisho lakini haukuzunguka hata kidogo. Buti nalo halikukubali kufungwa kwa ufunguo huo, nikasema ni kutu.

Nilipeleka gari Grogan, mtaa wa mafundi wa magari Nairobi. Fundi wa kwanza hata ufunguo hakuuomba. Alikuja na bisibisi ndefu. "Boss, hii tunatoa dakika mbili."
"Na ikivunjika?"
"Tutatafuta ingine."

Niliwasha gari nikaondoka. W123 ilizinduliwa mwaka 1976 na zikaundwa karibu milioni 2.7, kwa hiyo vipuri vipo. Lakini kupata kifuniko chenye rangi ile ile, ambacho hakijapasuka kwa jua la Nairobi, ni kazi ya kutembea wiki nzima. Na kishikio cha kitasa cha miaka ile kwa kawaida ni chuma dhaifu cha kumimina, hakipindi. Ukikilazimisha kinavunjika kama biskuti.

Siku mbili nikapambana na kitasa kile. Siku ya tatu nikajua kwamba kosa la kwanza halikuwa la kitasa. Magari haya yalitoka kiwandani na funguo za aina mbili. Ufunguo mkuu hufungua kila kitu. Ule mwingine ni wa kumwachia mtu wa kuegesha gari hotelini: unafungua milango na kuwasha injini, basi. Buti na kisanduku haviuhusu. Mimi nilikuwa nimepewa ule wa hotelini! Nikampigia mama mdogo, akacheka, akasema kuna "kifunguo fulani" kwenye kopo la biskuti analowekea nyuzi za kushonea.

Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla hujanunua chochote: hakikisha ufunguo ulio nao ni wa kitasa hicho. Magari mengine ya zamani yalikuwa na ufunguo wa injini peke yake na wa visanduku peke yake. Waulize waliowahi kuliendesha, wote.

Ufunguo mkuu ulizunguka kidogo tu, kama upana wa punje ya mchele, ukakwama. Hapo sasa ndipo kitasa chenyewe kilipokuwa na shida.

Ndani ya silinda ya kitasa kama hiki kuna vibapa vyembamba vya shaba, kila kimoja na springi yake ndogo kama unywele. Bila ufunguo, vibapa hutokeza nje na kuzuia silinda isizunguke. Ufunguo sahihi ukiingia, meno yake huvivuta vyote vikalingana na silinda, nayo ikawa huru. Kibapa kimoja tu kikichelewa, umekwama. Na kinachovichelewesha ni mafuta ya zamani yaliyochanganyika na vumbi yakawa gundi. Kuna mtu, miaka hiyo, aliona kitasa kigumu akakidondoshea oili ya injini. Usifanye hivyo kamwe.

Nilianza kwa jamaa wa pancha, akanipulizia tundu kwa upepo wa kompresa. (Funga macho; vumbi linarudi usoni.) Kisha nikatandika kitambaa chini ya kitasa na kupuliza WD-40, ile dawa ya kopo ya kulegeza vilivyokwama, kidogo kwa mrija wake. Herufi hizo WD kwa asili zinahusu kufukuza maji, na kwa kuyeyusha uchafu inafaa, ila huacha utando unaonasa vumbi tena, kwa hiyo isiwe kilainisho chako cha mwisho. Ingiza ufunguo, toa, futa. Mara ya kwanza ulitoka na uji mweusi. Nilifuta labda mara thelathini, nikaacha usiku kucha, nikarudia kesho yake mpaka ufunguo ukatoka msafi.

Halafu penseli. Nilikwangua risasi ya penseli laini kwa wembe, nikapaka unga wake kwenye meno ya ufunguo. Unga huo hautelezi kama mafuta lakini pia haushiki vumbi.

Wakati wa kuzungusha, mkono wa kushoto usukume kifuniko kwa ndani. Ulimi wa kitasa huwa umebanwa na uzito wa kifuniko kilicholegea, na msukumo huo unaupa nafasi. Mkono wa kulia uzungushe kwa vidole viwili tu, huku mtu mwingine akigonga kichwa cha ufunguo taratibu kwa mpini wa bisibisi. Hiyo ndiyo kazi pekee ya bisibisi hapa. Bado? Vuta ufunguo nyuma kidogo, unene wa ukucha, ujaribu tena. Ufunguo mzee umelika meno, na mara nyingi sehemu yake ya kufungulia imehama. Ukiuona unaanza kupinda, acha papo hapo. Kipande kikibaki ndani utakitafuta kwa uzi wa msumeno mwembamba na maombi.

Wangu ulizunguka Jumapili jioni, kwa mlio mdogo ambao hata binti yangu aliyekuwa akigonga aliusikia.

Ukishafungua, paka grisi kidogo kwenye ulimi, si kwenye tundu. Kaza skrubu za bawaba. Na usichongeshe nakala kwa ufunguo uliolika, maana fundi atakunakilia na ulemavu wake. Afadhali kuagiza mpya kwa namba ya chasisi, ukiwa na hati za umiliki mkononi.

Ndani kulikuwa na kitabu cha sevisi, kaseti mbili na miwani ya kusomea. Nilimpelekea mama mdogo. Aliitazama miwani, akamtazama mumewe. "Na wajukuu walichapwa kwa ajili ya hii." Baba mdogo akaomba chai.